Uzi Mwekundu Ndani ya Kiti cha Ognyan

Mnisamehe mapema, kwa sababu hadithi hii nitaiharibu. Mimi nimesomea kuchekesha. Miaka mitatu chuoni nilifundishwa kuanguka bila kuumia, kumwagiwa maji usoni, na kungoja kicheko kiishe ndipo niseme neno linalofuata. Kutisha watu hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo mkiniona nacheka mahali pasipostahili, jueni ni ugonjwa wa kazi. Halafu naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Hilo nalo lina sababu yake. Tutafika.

Aliyepatwa ni Ognyan, mwanyumba wangu. Yeye alimwoa Nevena, mimi nikamwoa Tsveta mdogo wake, na hapa Gabrovo wanaume waliooa dada wawili hupimwa kila Jumapili kwenye meza ya mama mkwe kama mbuzi wawili mnadani. Kwa miaka kumi na mitano mimi ndiye niliyeshinda, kwa sababu moja ndogo: mwenzangu hakuwepo. Alikuwa Ujerumani anaendesha malori. Kipande cha kwanza cha banitsa, mkate wetu wa jibini wa matabaka, kile cha katikati chenye jibini hadi inachuruzika, kilikuwa changu.

Kisha akarudi. Akarudi na pikipiki kubwa ya kijivu, mabega mapana, nywele zote kichwani, na tabia moja ya ugenini. Kwetu mtu anayesema ndiyo hutikisa kichwa kushoto na kulia. Anayekataa hukipeleka juu na chini. Ujerumani ni kinyume, na kichwa cha Ognyan kilikuwa kimehamia huko moja kwa moja. Ukimuuliza kama anataka kahawa, anakipeleka juu na chini. Wewe unaondoa kikombe, yeye anabaki na mkono hewani. Mdomo ulirudi nyumbani, kichwa kikabaki mpakani. Nikatunga kichekesho juu ya jambo hilo, nikakiigiza kwenye ukumbi wa mji kila majira ya baridi kwa miaka sita. Ognyan alikaa mstari wa mbele akacheka kuliko wote. Hata kicheko chake kiliniudhi. Kilikuwa kizuri kuliko changu.

Banitsa ikahama upande wa pili wa meza. Nikavumilia. Kisha, mwaka jana, wenzetu wa pikipiki wakamchagua aongoze safari ya masika, kutoka Vidin kwenye mto Danube hadi Rezovo baharini, nchi nzima kwa siku moja. Safari hiyo niliiongoza mimi miaka tisa. Wakasema Metodi ni mtu wetu, lakini kila saa anasimama kujisugua makalio, tutafika lini?

Ni kweli. Tangu nitimize hamsini makalio yangu yana mkataba wa saa moja. Ila Ognyan hakucheka. Alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba hata yeye yanamuuma, anajikaza tu, na kwamba amesikia habari za fundi mmoja juu kule, barabara ya kwenda Shipka. Twende wote, akasema, tuanze na changu, kikifaa tutengeneze na chako. Mtu mwema kabisa. Sijui kama mnajua inavyochoma, kumwonea wivu mtu mwema. Humpati na hata kosa moja la kushikilia.

Tukaenda Jumamosi, jua zuri, plamu zimechanua. Mzee Sava zamani alishona matandiko ya farasi. Farasi walipokwisha akahamia kwenye pikipiki. Alituambia watu wote hukosea jambo moja. Wakiumwa wanaongeza sponji laini. Laini inazama, ile mifupa miwili ya kukalia inagonga chini, na ndani ya saa mbili mtu mzima analia. Kiti cha safari ndefu kinatakiwa kiwe kigumu kidogo, kipana nyuma, chembamba mapajani, na kisikuteleze kuelekea kwenye tangi. Akamkalisha Ognyan kwenye sinia la udongo mbichi ili aone mifupa yake inabonyea wapi, akampima kiuno kwa uzi mwekundu, akang'oa pini za ngozi ya zamani moja moja, akachonga sponji kwa kisu kirefu cha mkate. Akapachika sponji ngumu juu ya ile ya zamani, na juu yake sufu iliyoshindiliwa. Kisha akaingia ndani kulowesha ngozi mpya.

Uzi akauacha juu ya meza.

Ognyan alikuwa uani anaongea kwa simu, amenipa mgongo. Saa kumi alasiri. Kivuli chake kililala juu ya mawe hadi miguuni kwangu, kirefu, kizuri, kina nywele.

Sasa, mtoto yeyote wa huku amekatazwa na bibi yake kupita penye ujenzi jua likiwa nyuma yake. Daraja lilipokataa kusimama, waashi wa zamani walipima kwa uzi kivuli cha mpita njia, wakauzika uzi ule ukutani. Daraja lilisimama. Mpita njia alikufa ndani ya siku arobaini, akabaki humo analilinda.

Nikachuchumaa. Nikapima kivuli cha mwanyumba wangu kuanzia kisigino hadi utosini. Nikaukata uzi, nikaukunja, nikachana sponji kidogo kwa kisu cha mzee, nikausukuma ndani.

Ni mzaha, nilijiambia. Siku ya arobaini nitampasulia kiti mbele ya mama mkwe na kusema: umeona, mwanyumba, hukufa. Mzaha mzuri huhitaji maandalizi.

Lakini nilirudisha sufu juu ya tundu haraka, na mimi kwenye mzaha sina haraka.

Wiki mbili baadaye tukasafiri. Wenzangu wote, ilipofika jioni kule Rezovo, walitembea kama bata. Ognyan hakutembea. Hakushuka hata tulipojaza mafuta. Alifungua tangi akiwa juu. Baharini tulipoagiza samaki alibaki amekaa pale pale, mkono juu ya ngozi mpya. Nikamfuata nikamuuliza, kwa kinyongo, kama kiti kinafaa.

"Mwanyumba," akasema taratibu, "hiki hakikaliwi. Nahisi kama napakatwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka, na Ognyan alikuwa mtu wa kucheka.

Basi akawa haonekani mezani Jumapili. Kipande cha kwanza kikarudi kwangu. Nilikila chote, na nawaambia ukweli, kilikuwa kitamu. Nilisikia kwamba anakaa juu ya pikipiki uani kwake, haendi popote, injini imezimwa. Kwamba anakunywa supu pale pale. Kwamba mkanda wake umekazwa matundu matatu. Nikasema moyoni, uzee umemwingia. Nikaongeza chumvi kwenye kipande changu.

Siku ya thelathini na nane, Jumatatu, Nevena akanipigia simu. Alinong'ona, kama mtu aliyejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Shemeji, njoo. Njoo mchana, jua likiwepo. Nataka uniambie kama macho yangu ni mazima."

Nilifika saa kumi na moja. Kivuli cha uzio kilivuka ua mzima. Kivuli cha ndoo kilikuwa kirefu kama mtu. Ognyan alisimama kando ya pikipiki, amesimamishwa na mkewe, na chini ya viatu vyake palikuwa na doa dogo jeusi. Kiasi cha mfuniko wa sufuria.

Nevena aliniangalia. Nikamwambia ni mawingu.

Hapakuwa na mawingu.

Kesho yake nikapanda kwa Mzee Sava nikamwambia. Alikaa juu ya kigoda chake bila kukiangalia. Akauliza uzi niliuweka wapi. Katikati ya sponji, nikasema, chini ya sufu. Akauliza lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole akarudia kuhesabu.

"Kesho, kabla jua halijagusa mlima," akanong'ona. "Kipasue, utoe uzi, uulaze chini aukanyage. Lakini umuulize kwanza. Kivuli ni chake. Asipokubali mwenyewe ukakipasua, utakuwa umempasua yeye."

Akanipa kile kisu cha mkate. Mlangoni akanishika mkono.

"Na umwambie ni nani aliyeuweka."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Ningemwambia, na Nevena angesikia, na Tsveta angesikia, na mama mkwe. Mimi Metodi, mcheshi wa mji, niliyempima mwanyumba wangu kwa ajili ya kipande cha mkate wa jibini. Usiku sikulala. Nilijitungia sentensi kumi na mbili, na kila moja ilianza na neno "mzaha".

Jumatano nilichelewa. Nilitafuta ufunguo uliokuwa mfukoni. Nikajaza mafuta tangi lililojaa. Nilipofika jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya mlima, na Nevena alikuwa jikoni anachoma pilipili za kupika, dirisha wazi, ananiangalia.

Ognyan alikuwa juu ya kiti. Sauti ilikuwa imemwisha tangu asubuhi. Amekonda, shingo kama bua, nywele bado zote. Mikono imelala juu ya tangi. Nikainama sikioni kwake, mgongo wangu umeziba dirisha. Sentensi zote kumi na mbili zikakimbia.

"Mwanyumba. Nikipasue hiki kiti?"

Sikusema kwa nini. Sikusema ni nani.

Alinitazama. Macho yalikuwa yake kabisa. Kisha kichwa kikaenda juu. Kikashuka. Juu. Chini. Juu. Chini. Polepole, kwa jasho, kama mtu anayenyanyua gunia.

Nikasimama pale na kisu.

Kisha nikageuka dirishani.

"Nimemuuliza nikipasue kiti, kama alivyosema fundi," nikamwambia Nevena. "Amekataa."

Jua likagusa mlima. Lile doa chini ya mguu wake likasogea. Likapanda kwenye tairi. Likapanda kwenye bomba la moshi. Likaingia chini ya kiti, ncha ya mwisho, kama mkia wa paka unaomalizikia mlangoni.

Daktari akasema moyo.

Wakabandika karatasi ya picha yake getini, kama inavyobandikwa ya kila marehemu, na siku arobaini baada ya mazishi tukala ngano ya kuchemsha yenye sukari, chakula cha kuwakumbuka wafu. Nilisimama nikamsifu. Watu walilia hadi nikaona aibu kwa jinsi nilivyosema vizuri. Baadaye Nevena akanishika bega akasema pikipiki nichukue mimi, maana Ognyan alikuwa akimwambia siku zote: Metodi anaipenda, siku moja nitampa.

Nikaichukua. Mnashangaa nini? Nilikuwa nimeitaka miaka sita.

Nilikaa juu yake mara moja. Nilifumba macho ningoje raha ile. Ngozi ilikuwa na joto, na pikipiki ilikuwa imelala kwenye banda baridi wiki nzima. Nikajisogeza nyuma kidogo, nikajiweka sawa.

Chini yangu palikuwa na magoti.

Tangu siku ile sikai. Benchi la kanisani, sofa, kiti cha kinyozi, na chooni pia, msinicheke: kila ninapojishusha, nakuta magoti mawili yananingoja, yana joto, yana subira. Basi nasimama. Maisha yangu yote nilitaka kukaa mahali pa Ognyan, na sasa kila mahali ni pa Ognyan.

Pikipiki iko uani kwangu. Hakuna anayeigusa. Lakini ikifika saa kumi na moja, kivuli chake kinalala juu ya ukuta mweupe wa jirani, na kivuli kile si cha pikipiki peke yake. Kina mabega mapana. Kina nywele. Jirani amepaka chokaa mara mbili, anadhani ni doa.

Jana nilitoka na kisu cha Mzee Sava. Tsveta alikuwa nyuma yangu, amenishika shati. Nikauliza kwa sauti ya chini, kama siku ile, nikipasue?

Ukutani, kivuli cha kichwa kikaenda juu. Kikashuka. Juu. Chini.

"Umeona?" Tsveta akaninong'oneza. "Hataki. Kiache kama kilivyo."

Nikamwambia mke wangu kweli, hataki, nikarudisha kisu jikoni. Kwa hofu yake alikisoma kichwa kile kikwetu, maskini. Si yeye aliyesimama jukwaani miaka sita, akiwafundisha watu wa Gabrovo, kwa vicheko na makofi, jinsi Ognyan anavyosema ndiyo.