Udongo wa Gunia la Pili

Kila asubuhi Gracia aliamka akiwa bado amechoka. Alichukua bidoni mbili za kuchotea maji, akateremka hadi kwenye chemchemi ya mtaa wao, akasimama kwenye foleni mpaka jua likapanda. Shule ilifunguliwa siku tatu kisha ikafungwa wiki nzima, kulingana na upande ambao milio ya bunduki ilisikika. Aliporudi nyumbani alikuta maji yaliyosuuziwa sahani na kuoshewa mboga yakimngoja katika ndoo nyuma ya mlango. Maji hayo hayakumwagwa ovyo. Mama yake aliyatunza kwa ajili ya magunia.

Magunia hayo mawili yalisimama uani, nayo ndiyo yaliyokuwa shamba lao lote. Shamba lenyewe, lenye mihogo na maharage, lilikuwa ng'ambo ya mto Shari, na tangu mapigano ya mwezi wa nane hakuna mtu wa mtaa wao mjini Bunia aliyethubutu kuvuka daraja. Baba yake Gracia, Laurent, alikuwa amekwenda Kilo kuchimba dhahabu kabla vita havijaingia mjini. Hawakupata barua yake wala mtu wa kuwaletea salamu. Mama yake, Madeleine, alifulia watu nguo kuanzia asubuhi mpaka jioni, na mara nyingi alichorudi nacho kilikuwa unga tu.

Aliyeumia zaidi alikuwa Nathanaël, mdogo wake Gracia mwenye miaka minne. Miguu yake ilianza kuvimba, nywele zikageuka rangi ya kutu. Muuguzi wa zahanati alimtazama kwa muda mrefu, akamwambia Mama Madeleine kwamba unga peke yake hautamponya mtoto huyo. Apate mboga za majani na maharage kila siku.

Mboga za kila siku zingetoka wapi? Aliyepata jibu alikuwa jirani yao, Papa Katsuva, fundi wa baiskeli. Alikuwa mtu wa Butembo. Mke na watoto wake alikuwa amewarudisha huko vita vilipoanza, akabaki peke yake katika chumba kimoja nyuma ya ua wa matete. Watu wa kwao walikuwa wachache mtaani, na siku zile kuwa wachache kulikuwa hatari. Lakini mtu huyu alipenda kulima kuliko hata kazi yake ya ufundi, na kila nafasi iliyozunguka chumba chake ilikuwa na kitu kinachoota.

Papa Katsuva alileta magunia mawili matupu na kopo kubwa la mafuta ya kupikia ambalo alikuwa amelitoa kitako. Akawaonyesha namna ya kusimamisha kopo katikati ya gunia, kulijaza vipande vya matofali, kuzungusha udongo pembeni, kisha kulivuta kopo juu kidogo na kuanza tena, mpaka gunia lijae. Hivyo maji yatapita katikati ya vipande hivyo na kufika chini. Ubavuni mwa gunia hutobolewa matundu, na kila tundu hupandwa mche. Alisema hawahitaji kununua mbolea yoyote. Wachanganye udongo mweusi wa bondeni na samadi ya ng'ombe iliyooza, waongeze majivu kidogo ya jikoni na maganda yaliyooza. Basi.

Mama Madeleine alijaza gunia la kwanza Jumapili mchana, akasia mbegu zake mwenyewe za lengalenga, yaani mchicha. Gunia la pili alimwachia Gracia. Papa Katsuva angeleta miche yake ya kabichi siku inayofuata.

Kazi haikuwa ndogo. Zizi la zamani lenye samadi lilikuwa juu ya kilima, na bonde la udongo mweusi lilikuwa upande mwingine kabisa. Mabeseni manane yalihitajika. Gracia alibeba moja, akabeba la pili. Alipolitua la tatu, shingo ilimuuma na miguu ilikuwa ikitetemeka. Tangu jana hakuwa amekula kitu zaidi ya uji.

Karibu na nyumbani kulikuwa na kiwanja ambapo mafundi walitengeneza malori. Kazi ilikuwa imesimama kwa sababu ya vita, na hakukuwa na mtu. Gracia aliona udongo wa hapo ni mweusi kabisa, mweusi kuliko ule wa bondeni, tena laini. Alipouinusa alisikia harufu ya mafuta machafu ya injini. Akajiambia harufu itaisha ukimwagiliwa maji. Kwa mabeseni matano alimaliza gunia, akafunika juu na kwenye matundu kwa udongo mzuri aliokuwa ameuleta mwanzo. Jioni mama yake alilipapasa gunia, akamsifu. Gracia alijibu kwamba ameutoa wote bondeni na kwenye zizi. Alikuwa amechoka mno hata aibu haikumfikia vizuri.

Wiki mbili zikapita. Lengalenga ilichipua na kutanda. Kabichi, ambayo Papa Katsuva aliipanda kwa mikono yake mwenyewe, ilisimama palepale. Majani ya chini yakawa manjano, kisha kahawia kwenye kingo. Papa Katsuva alikuja mara mbili, akainama, akakwangua udongo wa juu kwa kidole, akatikisa kichwa. Udongo wa juu ulikuwa mzuri. Akasema labda ni joto, wavumilie. Gracia alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Kisha akaingia ndani.

Siku moja lengalenga ilikuwa imechumwa yote na haijachipua tena, kwa hiyo Mama Madeleine alichuma majani machache ya kabichi yaliyokuwa na nafuu, akayapika. Yalikuwa na ladha ya ajabu, lakini mboga nyingine haikuwepo, na kwa kuwa yalikuwa machache akampa Nathanaël peke yake. Saa chache baadaye mtoto alianza kutapika. Walimbeba zahanati, wakampa maji ya chumvi na sukari, na kesho yake akapata tena nguvu za kulia kama kawaida. Muuguzi alisema hawezi kujua kama ni maji ya kunywa au ni chakula. Ila mboga ile wasiipike tena.

Habari hiyo ilifika kwenye chemchemi kabla ya Gracia. Mama Estelle, mwanamke aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao, alikuwa akieleza kwa sauti ya chini kwamba miche ile ilitoka kwa Katsuva. Mbegu za Madeleine mwenyewe zimeota vizuri, miche ya Katsuva imekufa na mtoto amelazwa. Nani asiyeona? Mwingine akauliza kwa nini mtu wa Butembo amebaki hapa wakati watu wake wote wameondoka. Vijana wa mtaa walikuwa wamesimama pembeni. Mkubwa wao, Yves, alisema jioni watapita kwake kumuuliza.

Gracia alijua maana ya kumuuliza mtu. Mwezi wa nane walikuwa wamemuuliza mwenye duka wa barabara ya juu, na sasa duka hilo lilikuwa kuta tupu.

Alipanda kurudi nyumbani, bidoni zimejaa nusu. Alipopita karibu na ua wa matete alimwona Papa Katsuva akikunja godoro lake na kulifunga kamba nyuma ya baiskeli. Alifunga polepole, kama mtu ambaye amewahi kuifanya kazi hiyo mara nyingi. Maneno ya chemchemi yalikuwa yamemfikia. Hakumwona Gracia.

Mama Madeleine alikuwa amekaa kizingitini, anatoa mawe kwenye maharage. Gracia alitua bidoni, akabaki amesimama.

"Mama, si miche ya Papa Katsuva," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote: zizi, shingo, kiwanja cha malori, mabeseni matano. Mama yake hakuinua uso mpaka alipomaliza. Kisha aliinuka, akaenda kwenye gunia la pili, akaingiza mkono mpaka kiwiko kupitia tundu la ubavuni. Akautoa mkono umejaa udongo mweusi unaong'aa, akaunusa, akafumba macho.

Gracia alingoja kupigwa. Hakupigwa. Mama yake alichukua beseni, akalijaza udongo ule, akamtwika kichwani.

"Twende chemchemi," alisema. "Nitatembea na weye. Lakini kusema, utasema mwenyewe."

Foleni ilikuwa bado ndefu. Watu waligeuka walipomwona Mama Madeleine, wakidhani amekuja kulia. Gracia alitua beseni mbele yao. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi aanze mara mbili. Alisema kwamba aliambiwa abebe samadi, akachoka, akabeba udongo wa kiwanja cha malori, na akamdanganya mama yake. Papa Katsuva hakujua. Miche yake ilikuwa mizima.

Yves alikuja akachota udongo kwa vidole, akaunusa. Kabla ya vita alikuwa akifanya kazi kwa mafundi wa kiwanja hicho. Hakuna aliyehitaji kumfundisha harufu ile.

"Ni mafuta ya injini," alisema. Akapangusa vidole kwenye suruali, akawatazama wenzake. "Siye tulikuwa tunaenda kufanya nini kwa ule muzee?"

Mama Estelle alijifanya kuinamia bidoni yake. Baadaye kidogo, alipofikiri hakuna anayemwona, alishika mkono wa Mama Madeleine, akauachia.

Kutoka hapo mama na mwana walikwenda kwa Papa Katsuva. Godoro lilikuwa tayari juu ya baiskeli. Alisikiliza akiwa ameegemea usukani. Gracia aliomba msamaha, na machozi ambayo hayakuwa yametoka kwenye chemchemi yalitoka hapo.

Papa Katsuva alikaa chini kwenye kigogo. Aliuliza kwanza hali ya Nathanaël. Kisha akasema udongo ule usimwagwe karibu na chemchemi wala bondeni, maana utaharibu na maji ya watu. Uzikwe ndani ya kiwanja kile kile ulikotoka. Na gunia lioshwe kwa majivu kabla ya kujazwa upya.

Kesho yake Gracia alianza tena: mabeseni matatu siku ya kwanza, matatu siku ya pili, mawili siku ya tatu. Mawili ya mwisho aliyabeba Papa Katsuva kwenye baiskeli yake, godoro likiwa limeshushwa. Walipanda miche mipya. Gracia aliimwagilia maji ya sahani kila jioni, akaokota viwavi kwa mkono, mmoja mmoja. Miezi miwili ilipokaribia kuisha, kabichi ilikuwa imefunika gunia lote. Mama Madeleine alipika majani ya kwanza na kuyaonja yeye mwenyewe kabla ya mtu yeyote. Uvimbe wa miguu ya Nathanaël ulikuwa umeanza kupungua.

Siku hiyo Mama Madeleine alimwita Papa Katsuva wale pamoja. Walikula kimya, kwa sababu kwa mbali bunduki zilikuwa zimeanza tena na kila mtu alikuwa akisikiliza ni upande gani. Zilipotulia, Mama Madeleine alimgeukia binti yake.

"Gracia, kilichonikasirisha si kuchoka kwako," alisema. "Siye wote tumechoka. Mimi nimechoka, Papa Katsuva amechoka, hata ule muuguzi amechoka. Siku ile ungeniambia tu, mama, nimeshindwa, mabeseni yamebaki matano. Gunia lingengoja. Lakini ulificha uchovu wako ndani ya udongo, halafu ukanyamaza, na kunyamaza kwako kulikuwa karibu kumfukuza mtu nyumbani kwake. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Ukikosea, sema mapema, wakati bado ni kosa la gunia moja."

Gracia aliitikia. Papa Katsuva akasogeza sahani ya mboga mbele ya Nathanaël, naye mtoto akachukua tonge lingine.