Mkufu wa Darasa la Kukumbatiana

Saa kumi na moja na robo jioni, mwalimu wa Kiingereza aliutoa mkufu wa dhahabu kwenye mkoba wa spana wa fundi magari, darasa zima likishuhudia. Mshonaji, mwenye mkufu, alimgeukia fundi, mchumba wake, akamtupia neno moja: "Mwizi!"

Inspekta alipofika, kila mtu alikuwa na lake la kusema kuhusu fundi, na hakuna aliyesema jema. Inspekta, mama mtu mzima, hakuwapenda watu wenye haraka ya kuhukumu. Akafunga mlango.

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Somo, afande," alijibu mwalimu. Ubaoni paliandikwa *Give me a hug*, herufi *h* na kile kijineno *a* vikiwa kwa chaki ya bluu. "*H* wanaimeza, *a* wanairuka, na mwisho wanabandika *i*: agi, agi! Nikawaambia wakumbatiane ili sentensi iwakae. Huyu akamkumbatia dada yangu, akapata mwanya."

"Dada yako?"

"Tumbo moja. Baba alipofariki, nilibaki mimi wa kumwangalia."

"Shemeji, wallahi mimi..." alianza fundi.

"Usiniite shemeji!"

"Mikoba mingapi ilipekuliwa?" Inspekta aliuliza.

"Wa fundi tu," alidakia mwanafunzi mwingine, nesi. "Mwalimu alianza nao."

"Nawe ulikaa karibu nao," mwalimu alimkemea.

"Jamani! Kukaa karibu ndiyo wizi? Wenzangu wakikumbatiana, mimi nilikuwa ubaoni nanakili sentensi, tena kwa chaki nyeupe. Ya bluu humwachii mtu!"

Inspekta akaitazama mikono ya fundi. Fundi alikuwa amekuja darasani moja kwa moja kutoka gereji, viganja vyeusi tii kwa oili.

"Ulimkumbatiaje mtu mwenye blauzi nyeupe?"

"Kwa viwiko, afande. Viganja niliviweka mbali. Walinicheka, eti nimebeba yai."

Mshonaji akageuzwa. Mgongoni hapakuwa na tone la oili. Inspekta akaulaza mkufu juu ya karatasi, akaugonga kwa kalamu. Unga wa bluu ukadondoka.

"Kishikizo hiki hakifunguki kwa viwiko," alisema. "Na kwenye ukosi wa blauzi kuna alama ya kidole. Ya bluu."

Mshonaji akashika shingo yake. "Kaka, wakati namkumbatia ulisema unaniweka mikono sawa."

"Polisi niliwaita mimi!" mwalimu alifoka.

"Ulihitaji mashahidi. Njia ya mwongo ni fupi, mwalimu."

Mwalimu akamwacha Inspekta, akamvaa dada yake. "Ndiyo, ni mimi! Baba alikusomesha uje uolewe na mtu wa uvunguni mwa magari? Nilikusema mpaka mate yakanikauka, ukaziba masikio. Nikataka umwone ni mwizi kwa macho yako mwenyewe!"

Akatiwa pingu mbele ya wanafunzi wake. Hakuna aliyemwonea huruma, Inspekta ndiye kabisa.

Mshonaji akamkimbilia fundi mlangoni, machozi yakimtiririka. "Nisamehe. Niliuona unatoka kwenye mkoba wako, ningefanyaje?"

Fundi alimtazama kwa uchungu.

"Afande hanijui hata jina, lakini aliuliza kwanza. Wewe unanijua, na hukuuliza."

Akampisha apite, kisha akaelekea upande mwingine.