Frasila Nane

Mungu anisamehe nikikosea. Naandika niliyoyaona, na tafsiri yake siijui.

Siku ile ilikuwa Jumatano. Mume wangu, Bwanausi, alikunywa uji wake akaenda kazini kama kawaida. Alikuwa mpimaji wa mbata, zile nazi zilizokaushwa, katika ghala la tajiri Saleh, hapa hapa Bagamoyo. Mwaka ulikuwa wa 1947, na yeye alikuwa na mwaka mmoja tangu arudi kutoka vita vya Burma. Alirudi na nishani tatu. Ile kubwa alivishwa na jenerali mbele ya gwaride, kwa sababu alivuka mto mara tatu chini ya risasi za mfululizo za bombomu, na kila mara alirudi na majeruhi mgongoni. Wa mwisho alikuwa luteni wa Kizungu. Mji mzima uliijua habari hiyo, na watoto waliiigiza barabarani.

Adhuhuri nilimpelekea chakula. Nikawakuta wanataniana.

"Panda mizani, shujaa!" alisema Saleh. "Tuone nishani zina uzito gani."

"Leo sikuzivaa, bwana."

"Panda hivyo hivyo. Au unaogopa? Mjapani hukumwogopa, unaogopa chuma?"

Mume wangu alikuwa mwembamba, mtu wa frasila nne, kama kilo sitini na kidogo, hazidi. Akapanda. Saleh akasogeza jiwe la mizani. Nne. Tano. Sita. Akaendelea kusogeza, na wapagazi wakacheka. Mizani ikatulia kwenye frasila nane.

"Mwaija, unampikia nini huyu? Kokoto?" Saleh akaniuliza.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha Saleh akapima gunia lililokwisha kupimwa asubuhi. Uzito ulikuwa ule ule. Akapanda yeye mwenyewe. Frasila nne na nusu.

Kicheko kikaisha. Bwanausi hakuwa amecheka tangu mwanzo. Aliposhuka alishuka polepole, mguu mmoja kisha wa pili, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala na hataki aamke.

Hapo nikakumbuka mambo niliyokuwa nikiyapuuza. Tangu arudi hakulala chali. Nyayo zake uani zilizama kuliko za mtu mwingine. Na kila shati lake nililoanika lilikauka lote isipokuwa mabegani. Pale palibaki majimaji, na harufu ya tope.

Jioni, baada ya sala ya alasiri, nikamuuliza. Alifunga mlango. Kisha akanong'ona, kana kwamba yupo mtu wa kumsikia.

"Safari ya tatu sikumbeba luteni kwanza. Nilimbeba Msabaha."

Msabaha alikuwa kijana wa Mbegani, mtoto wa pekee wa mjane mmoja aitwaye Bimdogo. Waliingia jeshini siku moja.

"Si ulisema alikufa mgongoni kwako?"

"Nilimwambia hivyo mama yake. Nilimwambia alitamka shahada sikioni mwangu." Akafuta uso. "Alikuwa hai, Mwaija. Tulipofika kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, nikamwona luteni anazama. Nisingeweza wawili. Nikamshusha Msabaha. Alinishika mabega. Akasema, ndugu yangu, usinishushe. Nikambandua vidole, kimoja kimoja. Niliporudi, maji yalikuwa yamepita juu ya mchanga."

"Nenda kwa Bimdogo. Mwambie. Muombe radhi."

"Kila Idi ananiletea mikate. Ananiita mwanangu. Nitaanzaje?"

Nilimsihi siku tatu. Hakuweza. Akasema afadhali tumsomee Msabaha hitima, huenda ikatosha. Nami nikakubali. Hilo ndilo kosa letu. Tulimsomea marehemu Kurani ilhali mwenye haki yu hai, na tumemficha.

Bimdogo alikuja kwenye hitima kwa miguu kutoka Mbegani, kikongwe aliyenyooka kama mwanzi. Mbele ya watu wote akamshukuru mume wangu, akambusu begani.

Kisha akajifuta midomo kwa ncha ya kanga. Ilikuwa imelowa.

Tangu siku ile Bwanausi hakusimama wima tena. Siku ya nane, Ijumaa asubuhi, alifariki. Alifariki kifudifudi.

Wanaume wanne walishika jeneza. Halikunyanyuka. Wakashika sita. Wakashika wanane. Miguu ya jeneza ikaanza kuzama kwenye udongo wa uani.

Sheikh Mwinshehe akasema kwa sauti, "Mwenye haki juu ya marehemu aseme, au amsamehe."

Mimi nilikuwa ndani na wanawake. Bimdogo alinishika mkono, akinifariji. Nikamwinamia.

"Mama, hakufia mgongoni. Alimshusha. Alikuwa hai."

Mkono wake haukutoka mkononi mwangu. Ulipoa tu.

"Mwanangu alisema nini?"

"Alisema, usinishushe."

Akainuka. Akapita katikati ya wanaume, wala hakuna aliyemzuia. Akaingiza mkono chini ya shuka la jeneza.

"Msabaha," alinong'ona. "Shuka, baba. Twende nyumbani."

Jeneza likanyanyuka ghafla hata wabebaji wakayumba. Watu wakapiga takbira, wakaondoka nalo mbio. Mimi nilibaki dirishani, namtazama Bimdogo akiishika njia ya Mbegani.

Alikuja amenyooka. Aliondoka ameinama, mikono ameifumbata nyuma.

Nilipomaliza eda nikaenda kwake. Nilimkuta ameketi mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwie radhi, siinuki."

"Nimekuja kumwombea mume wangu radhi."

"Nilimsamehe siku ile ile. Angekuja mwenyewe ningemsamehe pia."

Nikalia. Aliniacha nilie. Kisha nikauliza, kwa sauti ndogo, "Na yeye, mama? Msabaha?"

Akatabasamu. Akapandisha mabega kidogo, kama mama anayemweka mtoto vizuri mgongoni.

"Huyu simshushi."

Nje, kwenye kamba, kanga yake ilikuwa imeanikwa kwenye jua kali. Ilikuwa imekauka, inapepea. Imekauka yote isipokuwa mahali pawili, juu, panapokaa mabega. Nikaweka kiganja changu juu ya alama moja.

Ilikuwa baridi. Na vidole vya alama ile vilikuwa virefu kuliko vyangu.