Simu Iliyojaa Sauti ya Marehemu

Tangu mume wake afariki, fundi cherehani aliishi peke yake. Asubuhi alifagia chumba, akanywa chai, akaketi kwenye mashine, jicho lake moja likiwa na ukungu. Kazi ikipoa, alisikiliza ujumbe wa sauti wa marehemu kwenye simu.

"Mke wangu, nitachelewa. Usinisubiri kula."

Maneno ya kawaida tu, lakini hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Hakufuta kitu. Picha za nguo za wateja, matangazo, salamu za watu asiowajua, vyote vilibaki. Simu ilipomwonya kuwa imejaa, alijifanya haoni.

Siku moja jirani yake alikuja kuchukua sketi. Jirani huyo alitunza mafaili hospitalini.

"Shoga, mbona hukuja kupasuliwa jicho? Faili lako limerudi kwangu. Limeandikwa hukufika."

"Nije vipi? Sikuitwa."

"Uliandikiwa ujumbe."

Jirani akaiomba simu, akaitazama. "Imejaa pomoni! Hakuna kinachoingia. Huenda hata jumbe za binti yako zimekwama."

Muda wote huo fundi alidhani binti yake, aliyeolewa mbali, amemsahau.

"Tupunguze," jirani akasema.

Fundi akaikumbatia simu. "Humfuti mume wangu mbele yangu!"

"Nani kasema tumfute yeye? Taarifa ina maisha yake. Inazaliwa, inatumika, halafu inapumzika. Kazini, faili la mgonjwa anayetibiwa hukaa karibu. La zamani huenda stoo. Muda wake wa kisheria ukiisha, tunaomba idhini, ndipo tunaliharibu, lisisomwe na mpita njia."

"Na hapa kwangu?"

"Ni vilevile. Cha thamani kina nakala mbili, sehemu mbili. Kilichomaliza kazi kiende zake."

Wakaanza na sauti za marehemu. Nakala moja waliiweka kwenye kadi ndogo ya simu, nyingine kwenye flashi. Wakazisikiliza zote mbili kwanza, wahakikishe ziko sawa. Ndipo wakaifungia flashi kabatini pamoja na hati ya nyumba, wakaanza kufuta.

"Gauni hili?"

"Mwenyewe alishalichukua. Futa."

"Na huyu wa 'asubuhi njema' kila siku?"

"Hata simjui!"

Wakacheka. Kisha wakachana vipande vidogo karatasi za zamani zenye majina na namba za wateja, wasije wakasumbuliwa na matapeli.

Simu ikaanza kulia mfululizo, jumbe zikiingia. Sauti ya binti ikasikika: "Mama, nimejifungua. Mbona kimya? Umenikasirikia?"

Fundi alilia hadi jirani akamshika bega. "Mjibu, shoga. Anasubiri."

Hospitali ilimpangia siku nyingine, na safari hii ujumbe ulifika. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi huchambua simu na makaratasi yake.

Bandeji ya jicho ilipotolewa, alirudi chumbani, akaifungua picha ya mjukuu. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Ana masikio ya babu yake," akasema.

Chumbani hakukuwa na wa kumjibu. Akampigia binti yake, akamwambia.