Samaki wa Mzee Jefwa na Simu Iliyomsifu

Mzee Jefwa wa Junju alikuwa mtu wa maneno matamu na miguu myembamba. Maneno matamu alizaliwa nayo. Wembamba wa miguu ulimjia uzeeni, taratibu, bila kubisha hodi.

Jumapili moja kanisani, mchungaji aliwaomba watu wapige magoti. Jefwa akapiga magoti. Sala ikaisha, watu wakasema amina, wakainuka. Jefwa hakuinuka. Alijaribu, goti moja likakataa. Alijaribu tena, goti la pili likaliunga mkono lile la kwanza. Basi akafumba macho na kuendelea kunong'ona.

"Mzee wetu leo ameshukiwa na Roho," akasema mama mmoja. Kwaya ikaongeza wimbo kwa heshima yake.

Kabibi, mkewe, alimjua vizuri. Alijongea, akamwuliza sikioni, "Baba Trizah, unasali au umekwama?"

"Nimekwama. Niinue, lakini fanya uso wa kusali."

Kabibi alimwinua, na nyumbani walicheka mpaka wakakohoa. Lakini baada ya kicheko Jefwa aliikumbuka harusi. Trizah, binti yao wa pekee, alikuwa anaolewa mwezi wa Desemba, huko Malindi alikofanya kazi. Jefwa alitaka jambo moja tu katika harusi ile. Alitaka kumshika bintiye mkono na kumwingiza kanisani. Alikuwa akiingoja siku hiyo tangu Trizah alipoanza kutambaa.

Trizah aliposikia habari za magoti, alikuja nyumbani. Alimwita jirani yao Mwikali, mtaalamu wa lishe katika zahanati. Mwikali alizaliwa Kitui, lakini watu wa Junju walikuwa wameshasahau kwamba ni mgeni.

"Shikamoo, Mzee," akasema Mwikali. "Hebu inuka kwenye kiti bila kushika kitu."

Jefwa alijaribu. Aliinuka kidogo, akarudi kitini kwa kishindo.

"Kiti hiki kina ubishi," akasema.

"Kiti hakina neno, Mzee. Misuli ndiyo imepungua. Asubuhi unakula nini?"

"Chai na mkate. Mzee atake nini zaidi? Samaki na mayai ni vya watoto na wacheza mpira."

"Hapo ndipo wengi wanapokosea," Mwikali akaeleza. "Mwili unajengwa na protini. Iko kwenye samaki, nyama, mayai, maziwa, kunde, pojo na mbaazi. Mwili wa kijana ni fundi hodari. Ukimpa matofali machache, anajenga. Mwili wa mzee ni fundi aliyechoka. Anataka matofali mengi zaidi ili ajenge ukuta ule ule. Je, umewahi kuambiwa una ugonjwa wa figo?"

"Hapana."

"Vizuri. Mwenye shida ya figo lazima amwone daktari kwanza kabla ya kuongeza protini."

Kisha Mwikali alimwonyesha Trizah programu ya simu inayowasaidia wazee. Trizah akaiweka kwenye simu ya babake.

"Baba, ukitaka kula, kipige picha chakula," akasema. "Simu itakuambia kama protini inatosha. Na mimi nitaona kule Malindi."

Jefwa aliipenda simu ile kuliko redio. Jioni hiyo hiyo, Kabibi alipika sima na samaki wa nazi. Wanaume walikula pamoja kwenye kibanda cha makuti, kama kawaida yao. Sinia lilikuwa moja. Alikuwepo Katana, mdogo wake Jefwa, na majirani wawili. Jefwa alilipiga picha sinia lote.

"Hongera!" ikasema simu kwa sauti ya mwanamke. "Mlo wako una protini ya kutosha. Endelea hivyo!"

Kabibi alichungulia kutoka jikoni. "Ni mwanamke gani huyo anayekusifu? Nimepika mimi, mbona mimi sijapewa hongera?"

Ikawa hivyo kila jioni. Sinia lilipigwa picha, simu ikasifu, watu wakala. Trizah naye alifurahi kule Malindi. Lakini wiki zilipita, na miguu ya Jefwa ilibaki vile vile. Siku moja aliyumba mbele ya banda la kuku, akaangukia debe la maji. Hakuumia, ila kuku walimcheka.

Trizah alipopata habari, alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya kilio.

"Baba, programu inasema unakula vizuri kila siku. Na bado unaanguka. Huu lazima ni ugonjwa. Nimefikiri, siku ya harusi, baba mdogo Katana aniingize kanisani. Wewe ukae mbele, upumzike."

"Sawa, mwanangu," akasema Jefwa.

Simu ilipokatika, machozi yalimtoka. Hakuyaficha. Kabibi alikaa karibu naye, akamfuta kwa ncha ya leso yake.

Katana alipokuja jioni, alikuwa ameshasikia. "Pole, kaka," akasema. "Usijali. Suti nimeshapeleka kwa fundi. Ya kijivu. Ni kwa tahadhari tu."

Jioni hiyo Mwikali alifika kumjulia hali Mzee, akakuta chakula kinatengwa. Alikaa na Kabibi pembeni, akawatazama wanaume wakila.

Jefwa alipiga picha. Simu ikasema hongera. Hapo mikono ikaingia siniani. Katana alikuwa na vidole vyepesi. Mkono mmoja ulimtoa samaki miiba, wa pili ulisimulia habari za mjini. Jefwa alimega sima, akachovya mchuzi. Akamega tena, akachovya mchuzi.

"Kuleni, kuleni, msione haya," akawahimiza wenzake.

Hakuna aliyeona haya. Mkono wa Jefwa ulipofika katikati ya sinia, ulikuta kichwa cha samaki kikimkodolea macho. Hata kile kichwa, Katana alikiwahi.

"Mzee," akauliza Mwikali, "leo umekula vipande vingapi vya samaki?"

Jefwa akatazama sinia. "Leo wageni wamewahi."

"Na jana?"

"Jana pia waliwahi."

Katana aliacha kutafuna.

"Simu inaona sinia," akasema Mwikali. "Haioni samaki ameingia tumbo la nani."

"Kwa hiyo," akauliza Katana polepole, "zile hongera zote zilikuwa zangu?"

"Zako, ndugu yangu," akasema Jefwa. "Ndiyo maana suti yako fundi ameipanua."

Majirani walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Lakini Mwikali alimgeukia Jefwa. "Mzee, kwa nini usichukue samaki nawe?"

"Mwenye nyumba hatangulii kwenye kitoweo," akajibu Jefwa. "Marehemu baba alitulea hivyo. Nikitangulia mimi, watasema Jefwa ni mroho, anaita watu waje kumtazama akila."

"Desturi hiyo ni njema," akasema Mwikali. "Sitaki uiache. Lakini nawe una mwili."

Kabibi alikuwa ameshainuka. Alirudi na vibakuli vyake vya maua, vile vya kabatini.

"Kuanzia kesho sima itakuwa moja, mtakula pamoja kama kawaida," akasema. "Kitoweo kila mtu na kibakuli chake. Hakuna wa kutangulia na hakuna wa kuwahiwa. Na wewe, shemeji, macho yako yabaki kwenye kibakuli chako."

"Sawa, shemeji," akasema Katana kwa unyonge.

"Na samaki wa jioni peke yake hatoshi," Mwikali akaongeza. "Protini iwepo kila mlo. Asubuhi, yai au mbaazi za nazi na mahamri. Mchana, kunde au pojo. Maziwa ya mgando nayo ni mazuri. Halafu fanya mazoezi ya kuinuka kitini, kwanza ukishika meza. Na picha piga ya kibakuli chako, Mzee, si ya kijiji kizima."

Kesho yake asubuhi Jefwa alipiga picha ya chai na mkate, kwa mazoea.

"Protini ni kidogo," ikasema simu. "Tafadhali ongeza."

"Huyu mwanamke amebadilika!" Jefwa akalalamika. "Jana ananisifu, leo ananigombeza!"

"Leo anasema kweli," akasema Kabibi, akamwekea mayai mawili. Mayai yale zamani yote yalikwenda kuuzwa dukani. Mbaazi nazo zilikuwepo shambani kwao, na walikuwa wakiwapikia wageni tu. Sasa Jefwa alizila mwenyewe, na Kabibi pia, maana naye hakuwa msichana. Katana, kwa haya, alileta maziwa ya mgando kila alipokuja. Alikaa na kibakuli chake, akala polepole kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Miezi ilipita. Trizah alikuja nyumbani kuonyesha gauni lake. Jefwa alikuwa amekaa kwenye kigoda kifupi. Alipomwona bintiye mlangoni, aliinuka kumlaki. Hakushika meza wala ukuta. Kabibi alipiga vigelegele, na kuku wote wakatawanyika.

Trizah alimkumbatia babake, akalia. "Baba, nisamehe. Utaniingiza wewe."

"Na suti yangu?" akauliza Katana.

"Utaivaa, baba mdogo," akasema Trizah. "Utakaa nayo mstari wa pili."

Siku ya harusi, kanisa la Malindi lilijaa. Kinanda kikaanza. Jefwa alimpa bintiye mkono, wakaanza safari yao, hatua kwa hatua, katikati ya watu. Walipofika nusu ya njia, Trizah aliyumba. Viatu vyake vilikuwa virefu mno.

"Baba, nishike," akanong'ona. "Nitaanguka."

Jefwa alikaza mkono wake, akasimama imara. "Niegemee, mwanangu."

Trizah akamwegemea kwa uzito wake wote, na wakafika mbele pamoja.