Sauti ya Bibi Tembo

"Ng'ombe ametoka zizini."

Sauti ya Simon, mkuu wake wa upelelezi, ilipita katika kifaa kidogo kilichofichwa sikioni. Mokami aliweka birika la chai chini. Hakuuliza. Maneno yale yalikuwa na maana moja: kitu kimeibwa, na mwizi ameshaondoka.

Kwa siku tatu alikuwa mhudumu wa chai kwenye semina ya watafiti pale Issenye, kando ya hifadhi. Wasomi arobaini walikuwa wakijadili namna mashine inavyojifunza na namna kiumbe hai anavyojifunza. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Chini ya aproni yake kulikuwa na bastola, Glock 19.

Dakta Beatrice, mtafiti pekee aliyejua kazi yake halisi, alikuwa ameinamia kompyuta.

"Wamechukua nini?" Mokami alinong'ona.

"Sauti ya bibi tembo. Mashine tumeifundisha miaka sita, dada. Tumeisikilizisha mara elfu na elfu. Sasa inaita kama bibi mwenyewe. Ukiipiga kwenye spika, ukoo mzima unaifuata. Wamejifunza tangu utotoni kwamba sauti ile haidanganyi."

"Wakiitwa nje ya hifadhi?"

"Watatoka. Hata wachanga."

Mokami alielewa. Majangili wa pembe hawangehitaji tena kuingia porini. Tembo wangejipeleka wenyewe kwenye bunduki.

"Inaweza kutumwa kwa simu?"

"Ni kubwa mno. Lazima mtu aibebe."

Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Cha Dakta Nelson Oduol wa Kisumu. Ndevu nyingi, miwani minene.

Mokami alivua aproni. Pikipiki yake, Boxer, ikanguruma kuelekea mpaka wa Kenya, Sirari.

Mugumu. Vumbi. Nyamwaga. Vumbi tena. Kabla ya Tarime, Simon alirudi hewani.

"Kisumu hawamjui Oduol huyo. Vyeti vya kuazima."

"Mnunuzi?"

"Prado nyeupe, ng'ambo ya mpaka, Isebania. Wenzetu wa kule wanaitazama. Lakini mzigo ukivuka, tumechelewa."

"Hautavuka."

Saa tisa alasiri alifika Sirari. Mvua ilikuwa imeacha matope kando ya foleni ya watu wanaovuka. Kamera ya mpakani ilikuwa imelishwa picha zote za Oduol. Iliwatazama wanaume mmoja mmoja na kuwasha taa.

Kijani. Kijani. Kijani.

"Mashine inasema hayupo," alisema Simon. "Siwezi kuizuia foleni siku nzima. Una dakika tano."

Mokami alisimama karibu na wabadilisha fedha, mkono ndani ya koti.

"Dada, shilingi ya wapi?" mmoja alimwuliza. "Kwako natoa bei ya uchumba."

"Mchumba wangu hapendi bei."

"Basi huyo si wa huku."

Ndipo alipomwona mama yake.

Mama Robi, kama alivyoitwa kwa jina lake mwenyewe, alikuwa akipita kando ya foleni na beseni la ndizi kichwani, hatua fupi fupi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akiona vivuli tu. Aliamini binti yake anafanya kazi hotelini.

Katikati ya foleni, mwanaume mmoja mwenye suti ya kijivu na kidevu kitupu aliinua uso. Akamwona yule mama.

Akatoka kwenye foleni. Akaingia matopeni mpaka vifundoni, akageuza mgongo, akainamisha kichwa. Akasubiri mpaka beseni lipite.

"Kaka, ni ndizi tu, haziumi," alisema mwanamke mmoja. Watu wakacheka. "Ona viatu vya watu."

Mokami hakucheka.

Kwa Wakurya, mwanaume humkwepa mama mkwe wake njiani. Hamsogelei. Hamtazami usoni. Na hakuna anayemfanyia hivyo mama asiyemhusu.

Mama Robi alikuwa na mabinti wawili tu. Mokami hakuwa ameolewa. Winfrida aliolewa Matongo na Magige, mchimba dhahabu. Miaka mitano nyuma, shimo liliporomoka na miili mitatu, ukiwemo wake, haikupatikana. Winfrida alinyoa nywele akaomboleza. Ukoo ulipomletea shemeji amrithi, alikataa.

Mokami alikuwa amemwona Magige mara mbili tu, siku ya mahari na siku ya harusi. Alikitazama kile kidevu. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kuliko ya mashavu, na wembe ulikuwa umeacha damu mbichi chini ya sikio.

Alimsogelea kwa nyuma. Mdomo wa Glock ukagusa mbavu.

"Shemeji," alimwambia kwa Kikurya. "Usigeuke haraka."

Mabega ya yule mtu yakashuka.

"Mokami."

"Kumbe unatukumbuka."

"Shimo lilipoporomoka nilikuwa nje. Niliwasikia wenzangu wakiita jina langu. Nikakimbia. Mtu aliyekimbia hivyo anarudi nyumbani na uso gani?"

"Sauti iko wapi?"

"Kwenye kalamu. Mfuko wa shati."

Ilikuwa kalamu ya semina, kama walizogawiwa wote. Ndani yake, badala ya wino, kulikuwa na kadi ndogo kuliko ukucha.

"Mzigo umeupata," Magige alisema. "Niache nivuke. Dada yako ameshanilia. Usimfanye anilie mara ya pili."

Hatua thelathini mbele kulikuwa na Kenya. Mokami alihitaji kutazama pembeni tu.

"Mwalimu mmoja alitaka kumwoa mwaka jana," alisema. "Mtu mwema. Alimkataa kwa ajili ya kaburi lisilo na mtu."

Pingu zikalia.

"Naomba mama asinione."

"Tutapita nyuma ya lori."

Mokami aliinua kola ya koti, penye kipaza sauti kidogo. "Simon. Ng'ombe yuko mkononi. Chukueni Prado."

Ng'ambo, magari mawili yalitokea pande zote za Prado. Mlango ukafunguliwa. Mikono ikapanda juu.

"Kazi safi," alisema Simon. "Jina lake halisi?"

Angeweza kusema hajui. Faili lingefungwa kwa jina la Oduol, na shimo la Matongo lingebaki limefungwa.

"Magige," alisema. "Mume wa dada yangu."

"Pole, Mokami."

"Nipe muda wa saa tatu kabla hamjamtaja popote."

Askari wawili walipomchukua Magige, Mokami alimfuata mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe? Hoteli wamekupa ruhusa?"

"Napita tu. Nakwenda Matongo kwa Winfrida."

Mama Robi alishusha beseni. Akapapasa ndizi moja moja, akachagua zilizoiva vizuri.

"Kuna kijana amenipisha sasa hivi. Nimemsikia akiingia matopeni. Siku hizi wananipiga vikumbo tu. Yule amelelewa, mwanangu."

"Amelelewa, mama."

"Mpelekee dada yako hizi. Mwambie miaka mitano inatosha. Amwache mwenzake apumzike huko aliko."

Mokami alizifunga ndizi nyuma ya Boxer, taratibu, zisipondeke. Akavaa kofia ngumu, akashusha kioo, akageuza pikipiki kuelekea Matongo.