Alesya na Ngome ya Msichana

Kila asubuhi Ogulsapar alioka mikate katika tanuri la udongo uani kwake, mjini Baýramaly, Turkmenistan. Mkwe wake Alesya alifagia ua na kupanga vikombe vya chai. Wote wawili walikuwa wachapakazi. Lakini hawakuzungumza.

Alesya alitoka Belarusi. Mergen, mwana wa Ogulsapar, alimwoa huko alipokuwa masomoni, na wao wawili walizungumza Kirusi. Ogulsapar alijua Kiturukmeni tu, pamoja na Kirusi kidogo cha kuulizia bei ya viazi sokoni.

Majirani walimsifu Alesya. Kwa desturi yetu, bibi harusi huuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa na kukaa kimya mbele ya wakwe.

"Umepata mkwe, Ogulsapar! Hana mdomo kabisa!"

"Heshima mwezi wa kwanza, jamani," alijibu Ogulsapar. "Baada ya hapo mtu anataka umbea kidogo."

Siku moja Alesya aliweka mkate kifudifudi kwenye kitambaa cha chakula. Kwetu hilo ni kuitukana riziki. Ogulsapar aliugeuza upesi, asiseme neno. Alesya aliuona mkono ule wa haraka. Akaingia chumbani akalia.

"Mergen, nirudishe kwetu," alimwambia mumewe. "Mama yako hanipendi."

Ogulsapar alisikia kilio. "Anasema nini?" alimwuliza mwanawe.

"Amechoka tu, mama."

"Mimi si mtoto, Mergen. Anataka kuondoka. Ametudharau."

Asubuhi, Ogulsapar alikwenda kwa jirani yake Täzegül, aliyewahi kufundisha wageni lugha yetu.

"Täzegül, mkwe wangu ana kitabu kinene cha lugha. Anakisoma kila siku, lakini hata chumvi hajui kuiomba. Ana nini huyu?"

"Hana kitu. Ninyi mnazungumza naye?"

"Tunamnyamazia, asije akaona haya."

"Na Mergen?"

"Anamtafsiria kila kitu."

Täzegül alicheka. "Mtoto mnayembeba mgongoni kutwa, atajua kutembea lini? Kesho twendeni matembezi. Mergen abaki nyumbani, afue nguo zake."

Kesho yake wanawake watatu walikwenda kwenye magofu ya mji wa kale wa Merv. Walisimama mbele ya Gyz Gala. Kuta zake ndefu za udongo ni kama magogo yaliyosimamishwa bega kwa bega.

Täzegül alimgusa Alesya begani. "Gyz," alisema polepole. Msichana. Kisha akaweka kiganja ukutani. "Gala." Ngome.

Alesya alitumbua macho. Jina hilo alilisikia kila siku tangu aje, lakini kwake lilikuwa mlio tu. "Gyz Gala!" alisema. "Ngome ya msichana!"

"Ehee! Sasa sikiliza hili." Täzegül alichota mchanga. "Gum." Akashika shali nyeusi ya Ogulsapar. "Gara."

"Garagum!" Alesya aliruka kama mtoto. Kumbe jangwa lile kubwa ni Mchanga Mweusi.

Täzegül akaonyesha kusini. "Dag," akasema, na kwa mikono akachora mlima hewani. Alesya akataja milima ya Köpetdag. Kisha Täzegül akavua kiatu chake kilichochakaa. "Köne." Kikuukuu. Alesya akaukumbuka mji wa kale wa Köneürgenç, wenye mnara mrefu, aliouona katika picha.

Kisha akataka kutunga neno lake mwenyewe. Alimtazama mama mkwe wake, aliyesimama mbele ya ukuta. Akasema kwa furaha, "Köne gala!"

Täzegül aliuma mdomo. Ogulsapar akageuka kuutazama ukuta. Halafu akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Ngome kuukuu! Haki ya Mungu, mwanangu, umenijua! Nimesimama, lakini pembeni naporomoka!"

Walikaa kivulini, Ogulsapar akammiminia chai ya kijani kutoka kwenye chupa. Alesya alikitazama kikombe, akafikiri.

"Gara... gara çaý?"

"Chai nyeusi?" Ogulsapar alishtuka. "Ya kijani huipendi?"

"Ýok," alijibu Alesya, akitikisa kichwa. Hapana.

"Ole wangu! Tangu uje nakujazia, nawe unakunywa tu! Mbona hukusema?"

"Angesema kwa maneno gani?" aliuliza Täzegül. "Ndugu yangu, zungumza naye. Taja kila unachoshika. Sema polepole, usipige kelele, yeye si kiziwi. Akikosea, usimcheke kwa ubaya. Lirudie neno sawasawa, naye atalifuata. Kitabu ni kizuri, lakini hakijibu."

Nyumbani mambo yakabadilika. Ogulsapar alitaja unga, chumvi na moto. Alishika mkate na kuonyesha kwamba uso wake hukaa juu. Alesya ndipo alipoelewa kile kisa cha mkate, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Mergen alipoanza kutafsiri, mama yake alimtupia taulo. "Nyamaza wewe! Tunazungumza."

Alesya alikosea sana. Siku moja aliomba pilipili, akaletewa sabuni. Lakini hakuzungumzia tena kuondoka.

Vuli ilipofika, Mergen aliwapeleka Köw Ata, ziwa la maji ya uvuguvugu lililo ndani ya mlima. Njiani Alesya alisoma kibao mwenyewe. "Köw ni pango. Ata ni baba. Pango la baba."

Ngazi za pangoni zilishuka gizani. Popo walilia juu, na hewa ilinuka kiberiti. Ogulsapar alisimama, akashika ukuta.

"Mimi nitawasubiri hapa," alisema.

Alesya alimshika mkono. "Gorkma, eje," alisema. Usiogope, mama.

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Ogulsapar aliubana mkono ule, na wakashuka pamoja, ngazi moja baada ya nyingine, Mergen nyuma yao.

Walikaa katika maji ya uvuguvugu hadi mabegani. Kisha Ogulsapar akauliza swali alilokuwa nalo moyoni tangu siku ya harusi.

"Mwanangu, mama yako ni mtu wa namna gani?"

Alesya alitafuta maneno, moja moja. Mama anaitwa Yadviga. Mama anafuga nyuki. Mama anaimba, anaimba vibaya, lakini kila siku.

"Kama mimi," alisema Ogulsapar. "Mwandikie aje. Tutaimba vibaya sote wawili."